Umeme wa Magari Uwekwe Pale Gari Linapopumzika

Mtu aendaye kununua mahitaji yake katika duka kuu la Marekani siku hizi huenda akakuta, katika pembe ya uwanja wa kuegeshea magari, safu ya mashine ndefu zenye nyaya nene zilizoning'inia kama mikonga ya tembo. Hizo ni mashine za kuchajia magari ya umeme. Gari huegeshwa mbele yake, plagi huchomekwa, mwenye gari huingia dukani kutafuta mkate na maziwa, na arudipo hukuta betri imeongezewa umeme. Jambo lenyewe laonekana rahisi, na kwa sababu hiyo wengi wamelipokea bila kuuliza swali ambalo mwalimu yeyote wa fizikia angeliuliza mapema: mashine hiyo hutoa nishati kwa kasi gani, na gari litakaa hapo kwa muda gani?

Maswali hayo mawili hayatengani. Makosa mengi yaliyofanywa katika maegesho ya maduka kwa muda wa miaka thelathini iliyopita yametokana na kulijibu la kwanza na kulisahau la pili. Mashine kubwa hupendeza macho, hupigwa picha, huzinduliwa na wakubwa. Bali gari halijui ukubwa wa mashine, linajua tu muda liliopewa kusimama.

KASI NA KIASI

Yafaa kuanza na jambo ambalo huwatatiza wanafunzi, na mara kwa mara hata waandishi wa magazeti. Kilowati ni kipimo cha kasi ya kutoa nishati. Kilowati-saa ni kipimo cha kiasi cha nishati kilichokwisha kutolewa. Bomba la maji laweza kutoa maji mengi au machache kwa dakika, na hiyo ndiyo kilowati. Debe lililojaa ndilo kilowati-saa. Anayesema kwamba gari fulani "lina betri ya kilowati 60" amesema jambo lisilo na maana, maana hakueleza ni kiasi gani cha nishati kinachoingia ndani ya betri hiyo.

Gari la kawaida la umeme hutumia kati ya kilowati-saa 15 na 20 kwa kila kilomita 100. Ichukuliwe 18 kuwa kadiri ya kufanyia hesabu. Sasa mashine za kuchajia ni za namna mbili. Iko ile ndogo, ambayo kwa hakika ni nguzo tu yenye swichi, mita na vifaa vya usalama. Hiyo hulipa gari mkondo geu kama ule wa nyumbani, nalo gari hugeuza mkondo huo kuwa mkondo mnyoofu kwa kifaa kilichomo ndani yake lenyewe, kwa kuwa betri haipokei mkondo wa namna nyingine. Nguzo ya volti 240 na ampea 30 hutoa kilowati 7.2. Namna ya pili ni mashine kubwa, ambayo hugeuza mkondo ndani ya sanduku lake na kuupeleka moja kwa moja kwenye betri. Mashine hizo ni za kilowati 50, 150, hata 350. Birika la umeme hutumia kilowati 2 hivi. Basi mashine ya kilowati 150 ni sawa na birika 75 zilizowashwa kwa pamoja kwa ajili ya gari moja. Ikiwa betri ni ya volti 400, mkondo unaopita katika waya ni ampea 375, na kwa vile joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, si ajabu kwamba nyaya hizo ni nene, na nyingine hupoozwa kwa majimaji yanayozunguka ndani yake.

Mnunuzi akikaa dukani dakika 40, nguzo ya kilowati 7.2 itampa kilowati-saa 4.8, yaani kilomita 27 hivi. Mashine ya kilowati 20 itampa kilomita 74, na ya kilowati 50 kilomita 185. Ile ya kilowati 150, kwa hesabu za ubaoni, ingempa kilowati-saa 100, kiasi ambacho betri za magari mengi haziwezi hata kukichukua. Gari lenye betri ya kilowati-saa 60, lililofika likiwa na asilimia 30 na kutaka kufikishwa asilimia 80, linahitaji kilowati-saa 30 tu. Kwa mashine hiyo kazi ingekwisha kwa dakika 12 kama betri ingeendelea kupokea kwa kasi ile ile.

Lakini betri haifanyi hivyo. Inavyozidi kujaa ndivyo inavyopunguza kasi ya kupokea, kama watu waingiao ukumbini: wa kwanza hukaa popote, wa mwisho hutafuta kiti kwa taabu. Hata hivyo, dakika 20 zaweza kutosha, na mwenye gari yungali anachagua nyanya. Tangu hapo mashine ya thamani kubwa haina kazi, na gari lililokwisha shiba limezuia nafasi ya mwenzake anayesubiri. Baadhi ya makampuni yameanza kutoza faini kwa kila dakika inayozidi. Faini hiyo ni ushahidi tosha kwamba mashine imewekwa mahali ambapo muda wake haulingani na muda wa watu.

MADUKA YALIVYOINGIA KATIKA SHUGHULI HII

Habari hizi si mpya kama inavyodhaniwa. Mwaka 1990 jimbo la California lilitoa agizo kwamba makampuni makubwa ya magari yauze sehemu fulani ya magari yasiyotoa moshi kuanzia mwaka 1998. Katika miaka hiyo ya tisini maduka ya Costco yaliweka vituo vya kuchajia katika baadhi ya maegesho yake, kwa ajili ya magari kama vile EV1 la General Motors. Baadhi ya vituo vya siku hizo vilitumia kibao kilichotumbukizwa katika mdomo wa gari, na umeme ukavuka kwa njia ya usumaku, kama ilivyo ndani ya transfoma, bila chuma kugusana na chuma. Kilikuwa kifaa cha werevu na salama hata wakati wa mvua. Kisha agizo la California likalegezwa, General Motors ikayarudisha magari yake na mengi yakapondwapondwa, na mwaka 2001 wakuu wa jimbo wakachagua plagi ya namna nyingine kabisa. Vile vibao vikabaki vimesimama bila wenyewe. Mwaka 2011 Costco iliamua kuving'oa vituo hivyo, ikieleza kuwa havitumiwi. Na kwa kinyume cha mambo, huo ndio wakati ambapo Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2010, lilikuwa linaingia barabarani likiwa na plagi mpya.

Wako waliolilaumu duka hilo kwa kukosa subira. Lawama hiyo si ya haki sana. Mwenye duka hakuchagua plagi. Aliwafuata waliochagua kwa niaba yake, nao wakabadili nia.

Wimbi la pili lilianzia mahali pasipotarajiwa. Mwezi wa Septemba 2015 ilifichuliwa Marekani kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu iliyodanganya vipimo vya moshi. Katika suluhu ya mwaka 2016 kampuni hiyo ilikubali, pamoja na malipo mengine, kutumia dola bilioni 2 kwa muda wa miaka 10 katika kuendeleza magari yasiyotoa moshi. Kwa fedha hizo iliundwa kampuni ya Electrify America. Mwaka 2018 ikatangaza kwamba ingejenga vituo katika maduka zaidi ya 100 ya Walmart, katika majimbo 34. Basi mashine nyingi zilizotangulia kusimama mbele ya maduka hayo zimelipiwa na udanganyifu wa dizeli. Mwaka 2023 Walmart yenyewe, ambayo tayari ilikuwa na mashine karibu 1,300 katika maduka zaidi ya 280, ilitangaza nia ya kujenga mtandao wake wenyewe wa mashine za kasi katika maelfu ya maduka ifikapo mwaka 2030. Kampuni hiyo hueleza kwamba Wamarekani tisa katika kila kumi huishi ndani ya kilomita 16 za duka lake mojawapo.

Ni lazima kukiri kwamba mpango huo una hoja nzuri nyuma yake. Maduka mengi ya namna hiyo yako kando ya barabara kuu zinazounganisha majimbo, yana taa, vyoo na chakula, na hubaki wazi mpaka usiku. Msafiri atokaye mbali hakuja kununua; amekuja kupumzika kidogo na kuendelea. Kwake dakika 20 ndizo hizo hizo anazozitaka, na mashine ya kilowati 150 au 350 inamfaa barabara. Mahali pa namna hiyo duka ni kituo cha barabarani kwa sura nyingine, na hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye duka la mtaani, ambalo wateja wake hutoka kilomita tano au kumi na kurudi makwao. Huko mashine kubwa hudai gharama ambayo msomaji asiyewahi kuona ankara ya umeme ya duka au kiwanda huenda haijui.

KILELE CHA MATUMIZI

Mwenye nyumba hulipia kilowati-saa alizotumia. Mwenye duka kubwa au kiwanda hulipia hizo, na juu yake hulipia kilele, yaani kasi kubwa kuliko zote aliyoifikia katika mwezi mzima, hata kama aliifikia kwa robo saa tu. Malipo hayo hayakubuniwa kwa uchokozi. Shirika la umeme hapana budi lijenge transfoma na nyaya za kubeba kilele hicho, na vitu hivyo hununuliwa vyote, si robo saa yake.

Ifanywe hesabu ya mfano. Duka limeweka mashine 4 za kilowati 150, na siku moja ya mwezi magari manne yakakutana. Kilele ni kilowati 600. Kama shirika hutoza dola 10 kwa kila kilowati ya kilele (viwango hutofautiana sana toka mahali hadi mahali), malipo ya kilele ni dola 6,000 kwa mwezi huo. Ikiwa yamekuja magari 200 tu mwezi mzima, kila moja likachukua kilowati-saa 30, jumla ni kilowati-saa 6,000. Basi kila kilowati-saa imebebeshwa dola 1 nzima kabla umeme wenyewe haujalipiwa. Magari yakiwa 2,000, mzigo huo hushuka hadi senti 10. Mashine kubwa, kwa hiyo, huishi kwa wingi wa wateja, na duka la mtaani katika miaka ya mwanzo halina wingi huo. Atakayelipa tofauti hiyo ni mwenye gari, au mnunuzi wa mkate asiye na gari la umeme, au mlipa kodi.

Sasa lifikiriwe duka lile lile kwa mpango mwingine: mashine 2 za kilowati 50, na nguzo 20 ndogo zilizowekewa kikomo cha kilowati 3.5 kila moja. Kilele chake chote hakizidi kilowati 170, na malipo yake ni dola 1,700. Nguzo hizo zikitumiwa kwa saa 8 kwa siku 25 za mwezi, hutoa kilowati-saa 14,000. Zikijumlishwa na 6,000 za mashine mbili, mzigo wa kilele ni chini ya senti 9 kwa kila kilowati-saa.

Swali la haki ni hili: nani atakayeegesha gari dukani kwa saa 8? Mnunuzi haegeshi hivyo. Anayekaa saa 8 ni keshia, mpanga bidhaa, mchinja nyama, mlinzi. Ni ajabu kwamba katika mazungumzo yote juu ya vituo vya madukani mtu huyo hatajwi. Gari lake ndilo linalokaa hapo kuliko magari yote, kwa kawaida mbali na mlango, mahali ambapo hapana hata soketi. Nguzo ya kilowati 3.5 kwa saa 8 ingempa kilowati-saa 28, yaani kilomita 155. Hata soketi ya kawaida ya Marekani, ya volti 120 na ampea 12, ambayo kila mtu huidharau, ingempa kilomita 64 katika zamu moja. Na dereva wa kadiri wa nchi ile huenda kilomita 60 hivi kwa siku. Isitoshe, mtu huyo mara nyingi ni mpangaji. Wenye nyumba zao huchaji usiku nje ya mlango wao na hawahitaji duka. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hana pa kuchomeka plagi, na kwa ajili hiyo ananyimwa gari ambalo gharama yake ya kuendeshea ni ndogo kuliko ya petroli, ilhali yeye ndiye angeionea zaidi faida nafuu hiyo.

Mpangaji asiyefanya kazi dukani naye asisahauliwe. Kilomita 60 kwa siku ni kilomita 420 kwa juma, sawa na kilowati-saa 76. Kwa nguzo ya kilowati 7.2 angelazimika kwenda dukani mara 16 kwa juma, jambo ambalo hata mpenda maduka hawezi. Kwa mashine ya kilowati 50, mara mbili au tatu za dakika 40 zatosha. Ndiyo maana mashine mbili za kadiri hiyo zimetiwa katika hesabu ya hapo juu, nazo zapasa kuhesabiwa kuwa ni za jirani asiye na maegesho, wala si pambo la mlangoni.

Kuna hoja nyingine inayounga mkono nguzo nyingi ndogo, nayo ni kuharibika. Mwaka 2022 watafiti wa California walizipitia plagi 657 za mashine za kasi katika vituo 181 vya wazi vya eneo la San Francisco, katika maduka na mahali pengine, wakajaribu kila moja. Zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 72.5. Nyingine skrini zilikuwa zimekufa, nyingine zilikataa malipo, na karibu asilimia 5 waya ulikuwa mfupi mno usifikie gari. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliweka sharti kwamba mashine zijengwazo kwa fedha zake kando ya barabara kuu ziwe tayari kwa kazi kwa asilimia 97 ya wakati. Sharti jema, lakini mashine kubwa ina vigeuza mkondo, feni na pampu ndani yake, ilhali nguzo ndogo karibu haina kitu cha kuharibika, na ikiharibika moja kati ya 20 waliobaki hawaoni tofauti. Ikiharibika moja kati ya 4, foleni huanza.

Aidha kuna suala la saa. California ina umeme mwingi sana wa jua, na katika siku za masika adhuhuri umeme huo huzidi mahitaji hata baadhi ya mitambo ikaamriwa ipunguze. Jua likichwa, watu hurudi nyumbani na kuwasha vitu vyao vyote kwa pamoja. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa majimbo ya magharibi ya Marekani ingekuwa nafuu kwa gridi kama magari mengi zaidi yangechaji mchana penye kazi na penye shughuli kuliko usiku nyumbani. Duka ni mahali pa mchana. Gari la keshia lililosimama tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni lingekunywa jua la siku nzima polepole, bila kumsumbua mtu.

AFRIKA MASHARIKI

Nchi za Afrika Mashariki zimeanza kuona vituo vya namna hii katika maduka makubwa ya mijini, na Nairobi imetangulia. Mambo matatu yasinakiliwe kutoka Marekani bila kupimwa.

Kwanza saa si zile zile. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa ardhini huko Olkaria, ambao haulali usiku, ilhali watu hulala. Kwa sababu hiyo bei maalumu ya umeme wa magari iliyowekwa nchini humo mwaka 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa kilowati-saa wakati wa kawaida na shilingi 8 usiku wa manane, kabla ya tozo. Uwanja wa duka usiku ni mtupu, una taa na una askari. Wapangaji wa majumba ya ghorofa ya jirani hawana soketi uani. Kuukodisha uwanja huo kwa nguzo ndogo, kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, ni jambo ambalo wenye maduka wangeweza kulifikiria kabla ya kuagiza mashine ya kilowati 150. Kuhusu kilele hapana tofauti: wateja wakubwa wa TANESCO na wenzao wa Kenya hulipia kilele kwa kilovolti-ampea, na hesabu ya dola iliyotolewa hapo juu yaweza kurudiwa kwa shilingi darasani.

Pili ni plagi. Magari ya Nissan Leaf yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yana plagi ya kasi ya Kijapani iitwayo CHAdeMO. Magari kutoka China huja na ya kwao, na ya Ulaya vivyo hivyo. Marekani kwenyewe wamebadili tena: mwaka 2023 Ford na General Motors walitangaza kwamba watafuata plagi ya Tesla. Duka la Dar es Salaam likinunua mashine ya namna moja leo laweza kujikuta na vile vibao vya Costco kesho. Nguzo ya mkondo geu ina nafuu hapa pia, kwa kuwa yaweza kuwekewa soketi tu, na kila mwenye gari akaja na waya wake.

Tatu ni bodaboda. Mbele ya duka la Kigali, Kampala au Mwanza pikipiki ni nyingi kuliko magari, na pikipiki ya abiria haipumziki. Kuisimamisha saa moja ili ichajiwe ni kumnyima dereva chakula chake. Kampuni ya Ampersand ilianza huko Kigali mwaka 2019 kwa njia ya kubadilisha betri: dereva huacha iliyokwisha, huchukua iliyojaa, na kwa dakika chache amekwenda. Kinachopumzika ni betri rafuni, nacho chombo huendelea na safari. Kabati la betri hizo huchukua nafasi ya gari moja au mawili ya maegesho na huweza kuwahudumia watu wengi kwa siku, wakiwemo wale wanaowabeba wanunuzi wa duka lile lile pamoja na mizigo yao.

Kabla mwenye duka hajachagua mashine yoyote kati ya hizi, ahitaji kujua magari na pikipiki hukaa katika uwanja wake kwa muda gani, na hilo halitokani na kitabu cha muuza mashine. Darasa la kidato cha tatu laweza kulipima. Wanafunzi wawili wakae langoni kwa ruhusa ya mwenye duka, wakiwa na saa na daftari, waandike tarakimu tatu za namba ya kila gari na dakika ya kuingia, kisha dakika ya kutoka. Yafanywe hivyo siku moja ya kazi na Jumamosi moja, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa kupokezana. Magari ya wafanyakazi yaandikwe katika ukurasa wake. Muda wa kila gari ukizidishwa kwa kilowati 3.5, kisha 7.2, kisha 50, na jibu likagawanywa kwa 0.18, zitapatikana kilomita ambazo kila mtu angezipata kwa kila namna ya mashine. Mchoro wa idadi ya magari kwa dakika za kukaa huenda ukaonyesha vilima viwili, kimoja karibu na nusu saa na kingine karibu na saa nane. Kama hauonyeshi hivyo, wanafunzi watafute sababu.